Ezekieli wa Mvua ya Mawe

Kwenye harusi za mji wetu wa Singida, chakula kikishaliwa na wazee wakishaanza kulegeza mikanda, lazima atokee mtu wa kumwomba mshereheshaji aweke ile kaseti ya Mvua ya Mawe. Siku hizi imehamishiwa kwenye simu, lakini sisi bado tunaiita kaseti. Gita linaanza kunguruma, dramu zinaingia kwa kishindo, na watu wanageuka kumtazama Mzee Ezekieli Ntandu alipoketi. Wanampungia mikono. Wengine wanakuja kumtuza kabisa. Naye anainuka nusu, anainamisha kichwa kwa adabu, anaketi tena. Mkewe Selina anaangalia pembeni.

Anaangalia pembeni kwa sababu zile dramu si za mumewe.

Mimi ni Bhumi, binti wa Jatin, na Jatin ndiye anayepiga gita la solo katika bendi hiyo ya Mvua ya Mawe tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Besi ni ya Sajjad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anayeimba ni Chediel, mwalimu mstaafu. Dramu ni za Ezekieli. Muziki wao ni roki, ile nzito, ya magita yanayokwaruza na mwimbaji anayepiga kelele utadhani ameibiwa. Niseme mapema kwamba mimi muziki huo siupendi. Nimekulia ndani yake, nimeshiba. Ila Ezekieli nampenda, na hilo ni jambo jingine. Namwita mjomba, ingawa yeye ni Mnyaturu wa Unyambwa na sisi ni Wahindi wa dukani, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyenikimbiza hospitali nilipoanguka nayo, na ndiye aliyenitetea nyumbani tuliporudi.

Kuhusu hiyo kaseti, mambo yalikuwa hivi. Mvua ya Mawe walikwenda Dar es Salaam kurekodi mara moja tu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Asubuhi ya safari, mama yake Ezekieli akafariki. Nafasi ya studio ilikuwa imetafutwa kwa taabu sana na isingepatikana tena. Baba na wenzake wakaenda, wakakodi mpiga dramu wa huko huko. Ezekieli akabaki Unyambwa kumzika mama yake. Waliporudi walikwenda moja kwa moja msibani, wakakaa naye, na yeye mwenyewe ndiye aliyewauliza kama kazi imekwenda vizuri. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na nadhani ndiyo maana jambo lile halikuisha moyoni mwake. Mtu akikosewa ana pa kupeleka hasira. Yeye hakuwa nazo, alikuwa na huzuni tu, na huzuni hiyo ikawa inapigwa kwenye kila harusi.

Baada ya hapo bendi haikurekodi tena. Wamepiga Misigiri, wamepiga Mitundu mpaka watoto wakalala kwenye majani, wamepiga kwenye mikutano na kwenye sherehe za mavuno. Miaka yote hiyo Ezekieli yuko nyuma na vijiti vyake. Lakini ukitaka kumsikia akiwa hayupo mbele yako, huna pa kumsikia.

Alikujaje kwenye dramu? Kwa njia ya injini. Babu yangu Prabhudas alijenga nyuma ya soko kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, ambacho sasa nakiendesha mimi. Alikuwa na injini ya dizeli ya pistoni moja, ya kuwashwa kwa hendeli, yenye mlio mzito unaosikika mpaka stendi. Ezekieli aliajiriwa akiwa kijana kuiangalia injini hiyo. Alitakiwa akae karibu nayo tangu inapowashwa mpaka inapozimwa.

Wakati huo huo baba yangu alirudi kutoka shule ya bweni Arusha akiwa na gita la umeme, santuri za bendi za Ulaya na nywele zilizomfanya babu akwepe kuonekana naye njiani. Nyumbani wakamfukuza kwa sababu ya kelele zake. Bibi alilalamika, majirani walilalamika, mpaka wazee wa hekaluni wakatuma mtu. Babu akamwambia, "Kama shida yako ni kelele, nenda kiwandani. Huko zipo tayari, ongeza zako."

Na kiwandani ndiko kulikokuwa na umeme wa uhakika, maana babu alikuwa amefunga dainamo kwenye ile injini. Ikizimwa, gita la baba nalo linazimika. Kwa hiyo walifanya mazoezi mashine ikiwa inakamua, wateja wakiwa kwenye foleni na magunia yao, mafuta yakichuruzika upande huu na mashudu yakitoka upande ule. Hawakuwahi kufanya mazoezi mahali pengine. Ezekieli, ambaye hakuruhusiwa kuiacha injini, siku moja alichukua vipande viwili vya mpini akaanza kupiga pipa tupu ili asichoke kukaa. Baba akaacha kupiga gita, akamtazama. "Rudia," akamwambia. Ndivyo alivyoingia kwenye bendi. Dramu zake za kwanza zilikuwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya ng'ombe, madebe mawili, na sahani ya plau la trekta iliyoning'inizwa kwa waya. Hiyo sahani anayo mpaka leo.

Selina naye alikuwa pale pale. Kazi yake ilikuwa kumimina alizeti kwenye mdomo wa mashine. Alipanda kwenye jukwaa la mbao na debe begani, akaliinamisha, akashuka, akachota tena. Anasema Ezekieli alimtazama msimu mzima bila kusema neno. "Mwisho nikamwuliza kama ana ugonjwa wa macho," huwa ananisimulia, "akasema hapana, ana ugonjwa mwingine." Hapo mjomba huwa anainuka kwenda kuangalia mbuzi hata kama mbuzi hawana shida yoyote.

Sasa wana wajukuu. Mwaka jana, siku moja Selina alikuja kukamua alizeti yake, tukawa tumekaa ofisini kwangu tukisubiri zamu. Redio ikapiga ile kaseti. Akainuka, akaizima. Si kawaida yake kuzima redio ya mtu.

"Shangazi, vipi?" nikamwuliza.

"Mwanangu, nimechoka kumsikiliza mume wa mtu," akasema. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mjomba wako siku hizi analala mchana. Anapumua kwa nguvu. Namtazama. Nikamwambia juzi, wewe ukitangulia, mimi nitakusikia wapi? Watoto wanazo picha zake. Picha hazipigi dramu."

"Alisemaje?"

"Hakusema. Alikwenda kuangalia mbuzi."

Nikamweleza baba. Baba alikuwa na lake: baridi yabisi imemshika vidole, asubuhi hawezi hata kufunga vifungo vya shati mpaka aloweke mikono kwenye maji ya moto. Nilipomaliza kusema alitazama mikono yake, akachukua simu, akampigia Sajjad, kisha Chediel. Mvua ya Mawe wangerekodi albamu, na mpiga dramu angekuwa mpiga dramu wao. Alipompigia Ezekieli alimwambia jambo moja tu: "Safari hii hatuondoki bila wewe." Nilisikia upande wa pili mtu akipenga kamasi.

Studio ipo hapa hapa mjini, ghorofani juu ya duka la simu. Mwenyewe anaitwa Derick, mwenyeji wa Misigiri, alisomea mambo ya sauti Dar na akarudi kwao, jambo ambalo si wengi hulifanya. Kuta amezibandika trei za mayai na magodoro ili mwangwi usisumbue. Ni kijana mwenye heshima na anaijua kazi yake. Alimwekea Ezekieli dramu nzuri zinazong'aa, akamvisha hedifoni, na ndani ya hedifoni akamwekea mlio mdogo wa kompyuta, ti, ti, ti, ti, ambao mpigaji anatakiwa aufuate ili asitoke kwenye mwendo.

Ezekieli akatoka kwenye mwendo.

Wakarudia. Akatoka tena. Wimbo unaanza vizuri, yeye na kompyuta wanakwenda pamoja, halafu anabaki nyuma. Kisha anakaza, anaifikia, na anaipita. Derick alikuwa akitaka kumkosoa anaanza na "Shikamoo mzee wangu," hata kama amekwisha kumwamkia, kwa kuona haya. Siku ya pili mjomba akawa akisikia shikamoo tu anashusha vijiti. Siku ya tatu hakuwa anaitikia marahaba kwa sauti, alikuwa anatikisa kichwa. Nilikwenda kuwapelekea chakula nikamkuta ameketi nyuma ya zile dramu, hedifoni zimemlalia shingoni, anajipapasa mkono wa kulia kama mtu anayetafuta palipovunjika. Niliumia kumwona vile.

Kesho yake baba, Sajjad na Chediel wakaja ofisini kwangu. Ezekieli hawakumwita. Nikawawekea chai, nikabaki, kwa kuwa ofisi ni yangu.

"Derick anasema kompyuta inaweza kupiga dramu," baba akaanza. "Unaipangia, inapiga. Haichoki."

"Watu hawatajua," Sajjad akasema.

"Tutaweka jina lake," Chediel akasema. "Juu kabisa, la kwanza."

Nikasema, "Shangazi Selina atajua."

Baba akakunja na kukunjua vidole vyake. "Bhumi, mimi sina muda. Vidole vikigoma, hakuna albamu yoyote, si ya kwake wala ya kwangu. Bora ya nusu."

Nikavikusanya vikombe hata hawajamaliza kunywa. Najijua, hasira zangu zinaanzia kwenye vyombo. "Sawa," nikamwambia, "lakini utakwenda kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, nyumbani kwake. Hutampigia simu."

Mchana huo nikampeleka Unyambwa kwa gari. Alinunua sukari kilo kadhaa na majani ya chai, akavishika mapajani njia nzima kama mtu anayepeleka posa. Tulimkuta Selina uani akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, punje zikiruka. Mjomba alitoka ndani akiwa na fulana, akatuamkua, akarudi kuvaa shati, akatuletea vigoda. Tukaulizana habari za watoto, za mifugo, za mvua iliyochelewa na alizeti iliyotoka fupi mwaka huu. Baba akaisifu mvua ambayo haikunyesha. Nikamkanyaga mguu.

Ezekieli ndiye aliyemsaidia. "Jatin," akasema, "umekuja kuniambia nipumzike."

Baba akaitazama ile sukari aliyoileta.

"Nilijua tangu juzi. Yule kijana ananiamkia mno." Akatabasamu, akatazama viganja vyake. "Nimezeeka, ndugu yangu. Kile kitu cha masikioni kinakwenda, mimi mkono hauendi. Nataka uende, hauendi. Wekeni kompyuta. Albamu itoke. Vidole vyako havingoji mtu."

"Nilikuahidi," baba akasema.

"Uliniahidi na ulitimiza. Nilifika studio. Safari ile sikufika kabisa."

Baba yangu, ambaye sikumwona akilia hata tulipouchoma mwili wa babu kwa desturi yetu ya Kihindu, akalia pale mbele ya wanawake wawili na kuku. Mjomba akasogeza kigoda chake karibu na kile cha baba, akaweka mkono begani pake, wakakaa hivyo. Kama kuna watu wanaoweza kuniambia tofauti ya ndugu na rafiki, waje wanieleze, maana kwa hawa wawili mimi nilishindwa kuiona tangu utoto.

Selina alikuwa ameacha kupiga alizeti. Akasimama na fimbo yake.

"Kwa hiyo hata safari hii simsikii," akasema.

Akamgeukia baba.

"Hicho alichokipiga huko studio, mmekitupa?"

Baba akajifuta uso. "Ninacho kwenye simu, shemeji. Wote tulipiga pamoja. Lakini ni kibaya."

"Kibaya cha kwake nakitaka," Selina akasema. "Weka."

Baba akaweka. Simu akaisimamisha kwenye sufuria tupu ili sauti itoke. Ulikuwa wimbo wao wa zamani kuliko zote, unaozungumzia mawe ya barafu yaliyopiga mashamba na watu wakapanda upya. Gita likanguruma, besi ikaingia, halafu dramu. Selina akaketi chini kwenye turubai, miguu mbele, akafumba macho. Alikuwa anamsikiliza mumewe kwenye rekodi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Uso ulimlegea. Nikageuka kando, nikaona haya kumtazama, ilikuwa kama kufungua mlango wa chumba cha watu.

Halafu nikaona mkono wake. Alikuwa amevuta debe lililokuwa karibu naye, lenye punje alizokwisha kupepeta. Sidhani kama alijua anachofanya. Akaliinua kidogo, akaliinamisha, punje zikaanza kumiminika taratibu kwenye turubai. Na pale pale, ndani ya simu, dramu zikaelemewa. Zikawa nzito, zikarudi nyuma. Akaliinua debe, punje zikakatika, na dramu zikachangamka, zikaanza kukimbia. Ukapita ubeti. Akainamisha tena, na wimbo ukalemewa tena, mahali pale pale ambapo Derick alikuwa anasema shikamoo.

Selina akafumbua macho. Akaangalia debe, akaangalia simu. Akaanza kucheka.

"Huyu hajachelewa," akasema. "Hapa namimina."

"Unamimina nini?" baba akauliza.

"Alizeti! Hamkumbuki? Nikimimina, mashine inashiba, injini inalemewa. Duku... duku... duku. Zikishasagika inapata nguvu, inakimbia. Ndivyo wimbo ulivyo. Tangu siku ya kwanza uko hivyo."

Baba akaurudisha wimbo mwanzo. Safari hii hakusikiliza dramu, alisikiliza gita lake. Nilimwona akikunja uso, kisha akikunjua. "Na mimi nachelewa hapo," akasema polepole. "Sajjad pia. Chediel anavuta pumzi pale pale. Sisi sote tunachelewa pamoja." Akampigia Derick papo hapo, akamwuliza. Derick akasema kweli, aliona magita nayo yanavutika, lakini alidhani yanamfuata mpiga dramu, kama ilivyo kawaida.

Miaka yote hiyo waliamini kwamba ule mwendo wa kupanda na kushuka ni ufundi wao. Walikuwa wakiulizwa na wapigaji wa bendi nyingine wanaufanyaje, na Sajjad alikuwa na maelezo marefu kuhusu hisia, ila mbele ya kompyuta ya Derick wote waliusahau, wakaona ni uzee wa Ezekieli. Kumbe walijifunza muziki karibu na injini iliyokuwa inalishwa, wakadhani kushiba kwake ni sehemu ya wimbo.

Mjomba Ezekieli hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Mimi sikujua," akasema. "Mimi nilikuwa naifuata injini."

"Na injini ilikuwa inamfuata nani?" Selina akamwuliza.

Mjomba akainuka. Nikadhani anakwenda kwenye mbuzi. Akaenda kuketi kwenye turubai, kando yake.

Sasa mzigo ukaniangukia mimi. Mashine zangu siku hizi ni za umeme, na ile injini ya babu nimeiacha bandani kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika na foleni ni ndefu. Msimu ulikuwa umeanza, wateja wamejaa mpaka barabarani, na hawa wazee wanne wanataka niwashe injini ya kale, nifunge tena mkanda kwenye mashine ya zamani, niwaachie banda warekodi humo. Nilisema hapana. Nilieleza sababu zote, na zilikuwa sababu nzuri. Mjomba akasikiliza, akasema, "Ni kweli, mwanangu, una kazi." Angebishana ningeshinda; hakubishana, nikakubali.

Derick alikuja na maikrofoni zake na nyaya, akazunguka lile banda akigonga mabati na kupiga makofi, kisha akasema safari hii atazima ule mlio wa kompyuta. Ezekieli aliwasha injini mwenyewe kwa hendeli. Vijana wangu walitaka kumsaidia akawakatalia kwa mkono. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Duku, duku, duku. Wateja waliokuwa nje wakaacha kuzungumza. Wazee miongoni mwao wakaanza kusogea.

Kwa kuwa mgongo wa Selina si wa zamani, nilimweka Shukuru, kijana wangu mwenye nguvu, apande jukwaani kumimina. Wakaanza. Shukuru akainua debe akalimwaga lote kwa mkupuo. Injini ikakabwa, ikakaribia kuzimika, na bendi nzima ikaanguka pamoja nayo. Ezekieli akainua vijiti.

"Si hivyo," akasema, kwa upole. "Anamimina kidogo, anasikiliza, anaongeza."

Selina alikuwa amekwisha kuvua ndala. Akajifunga kanga kiunoni, akapanda zile ngazi za mbao akishika ukuta. Nikamwambia, "Shangazi, utaanguka." Akaniambia, "Nishikie hapa," nikamshika kiuno, na ndivyo ilivyokuwa mimi, nisiyependa muziki wa roki, nikawa jukwaani kwenye albamu ya Mvua ya Mawe nikimshika shangazi asianguke, huku Shukuru akimpitishia debe kutoka chini.

Ezekieli akainua uso, akamwona pale juu. Akagonga vijiti, wakaingia.

Sina maneno ya muziki. Nasema nilichokiona. Selina aliinamisha debe, punje zikateremka, na chini ya miguu yangu mbao zikatetemeka kwa namna nyingine, nzito zaidi. Dramu zikaenda nayo. Gita la baba, ambalo kwa vidole vile halikuweza tena kukimbia, halikuhitaji kukimbia pale. Chediel akapiga kelele zake, na kwa mara ya kwanza sikutaka anyamaze. Debe likainuka, injini ikapumua, wote wakaondoka mbio, Ezekieli akipiga ile sahani ya plau kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, macho yakiwa juu, kwenye mkono wa mkewe. Hakuangalia dramu hata mara moja. Derick alikuwa amevua hedifoni, amezishika kifuani. Nilikuwa nalia, tena vibaya, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Walirekodi nyimbo zote pale, mpaka alizeti ya foleni ikaisha, na wateja wakabeba mafuta yao wakisema hayajawahi kukamuliwa kwa shangwe namna ile. Albamu wakaiita *Gunia la Mwisho*. Derick aliitoa kwenye mitandao. Vijana wachache wa mijini wanaisikiliza, wengine wanauliza ule mlio wa chini ni chombo gani. Redio imeipiga mara kadhaa. Kwenye harusi bado wanaomba kaseti ile ya zamani, watu ni wagumu kubadilika.

Wiki iliyopita nilipeleka mashudu Unyambwa kwa ajili ya ng'ombe wao. Niliwakuta wameketi uani jioni, redio ndogo ya kadi iko katikati yao kwenye kigoda, wimbo ule wa mawe ya barafu unapigwa. Nikawaamkia, wakaniitikia, wakanionyesha pa kukaa, tukasikiliza.

"Sasa hata ukitangulia," Selina akamwambia mumewe, "nitakusikia humu."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali.

"Na ukitangulia wewe?" akamwuliza.

Nadhani jambo hilo Selina hakuwahi kulifikiria, alikuwa ameshughulika mno na pumzi za mwenzake. Mjomba akainua kidole tusubiri. Ubeti ukaisha. Ndani ya redio injini ikalemewa, dramu zikawa nzito, zikarudi nyuma.

"Huyo," akasema, akauchukua mkono wa mkewe. "Unamimina."